Mchanga Uliokunywa Maji Yetu

Juzi nilikuwa natoka kazini, mtaa wa Atlabara hapa Juba, nikakuta mashine ya kuchimba kisima imesimama mbele ya ghorofa jipya, inanguruma na kutema tope. Kando ya barabara walikuwa wamemwaga rundo la udongo wa kijivu uliolowa, na harufu yake ikanifikia kabla sijauona. Ni harufu ya baridi, kama ya chini ya mtungi, yenye chuma kidogo ndani yake. Kijana mmoja, nadhani mgeni wa ile kazi, alichota bonge akalifinya, maji yakang'aa kati ya vidole vyake, akamwambia mwenzake kwa furaha kwamba wameshafika. Nikacheka pale pale njiani, mtu mzima na mkoba wangu begani, mpaka mama mmoja anayeuza chai akaniuliza kama niko salama. Nilimwambia niko salama. Sikuwa salama sana, maana baba yangu hayupo tena wa kucheka naye, na kichekesho kile kilikuwa chake na cha mjomba wangu kabla hakijawa changu.

Tulikaa mtaa uitwao Juba Na Bari, karibu na njia ya kuteremkia mtoni. Wazazi wangu walikuwa Wakakwa wa Koboko, upande wa Uganda, waliokuja Juba vita vilipotulia kama walivyokuja wengi, kutafuta maisha. Mama alikuwa na hoteli. Naiita hoteli kwa heshima tu. Ilikuwa mabati machache na benchi, ambako aliwapikia vijana wa boti maharagwe na posho, yaani ugali. Baba aliuza maji. Wenzangu mliokulia mji huu miaka ile mnawakumbuka wale wanaume wa baiskeli, jerikani za njano zimefungwa pande zote kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, mtu anasukuma kutoka mtoni mpaka mjini huku jasho linamwingia machoni. Baba alikuwa mmoja wao, na hakuna aliyejua kufunga jerikani kama yeye. Nilimwona akipita juu ya mashimo ya barabara na mzigo usitikisike, nikadhani hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote duniani.

Tatizo ni kwamba maji aliyouza ndiyo hayo hayo tuliyokunywa. Kiangazi yalivumilika. Mvua zikianza, mto ulibadilika ukawa kama chai ya maziwa, na mama akawa anazungusha kipande cha shabu ndani ya pipa ili tope litue, kisha anachuja kwa kitambaa, kisha anachemsha, na bado chini ya kikombe kulibaki kitu. Msimu mmoja mdogo wangu Taban, aliyekuwa hajajua kutembea vizuri, aliharisha mpaka macho yakaingia ndani. Alilazwa hospitali, wakamtia dripu kichwani kwa kuwa mishipa ya mikono haikuonekana. Ile sindano naikumbuka kuliko ninavyoukumbuka uso wake wa wakati ule.

Taban alipopona, mama alisema maneno ambayo kila mtu pale uani aliyasikia, kwa sababu mama hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Baba Poni, sikia mimi," alisema. Poni ndiye mimi. "Mvua ingine ikikuta sisi na hii maji ya mto, mimi narudi Koboko na watoto. Wewe utabaki na baiskeli yako."

"Koboko mimi nitauza nini?" baba akamjibu. "Kule kila mtu iko na kisima kwake."

"Basi na wewe chimba ya kwako."

Nadhani mama alisema hivyo kumkomoa tu. Lakini baba alikuwa mtu wa kunyamaza, na mtu wa kunyamaza ukimwambia neno linakaa naye. Kesho yake alikwenda kumwona mwenye kiwanja, bibi mmoja wa Kibari tuliyemwita Haboba, kama Juba nzima inavyowaita bibi zake. Haboba alikuwa na ulimi mkali na sikio linalosikia kupitia ukuta. Alikubali kisima kichimbwe uani kwa sharti moja, kwamba yakitoka maji asizuiwe mtu wa kichochoro kile kuchota, kwa sababu ni maji ya Mungu. Halafu akaanza kumtania baba kila alipopita na baiskeli.

"Ajabu! Muuza maji natafuta maji!" alimpigia kelele kutoka kibarazani. "Moya fi?"

Hilo ndilo swali alilotuuliza kila asubuhi kwa Kiarabu cha Juba, maji yapo? Na sisi watoto tulijibu kwa pamoja kama darasani, "Mafi!" Hakuna.

Mchimbaji alikuwa Mjomba Isaka, kaka yake mama, aliyeletwa kutoka Koboko kwa basi. Alishuka na sururu, mtaimbo mrefu uliomshinda kondakta pa kuuweka, na majigambo yasiyopimika. Alikuwa mfupi, mnene wa mabega, na alicheka kabla ya kumaliza kusema jambo lake mwenyewe.

"Shemeji, mimi nimechimba Koboko yote," alimwambia baba huku akizunguka uani akigonga ardhi kwa kisigino. "Hii ya kwenu ni mchezo ya watoto."

Alichagua pembe ya mbali kabisa na choo, akachora duara kwa ncha ya mtaimbo, akavua shati. Kazi yenyewe ilikwenda hivi: yeye chini na sururu, baba juu na kamba na ndoo kabla hajaenda mtoni na baada ya kurudi, na kila udongo mpya uliotoka ukamwagwa rundo lake. Mjomba alikuwa na hiyo desturi, asichanganye. Alisema mchimbaji asiyejua amepita wapi hawezi kujua anakwenda wapi. Kwa hiyo uani kwetu kukaota vilima, kimoja cheusi cha udongo wa juu ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mguu wa mtoto, kingine chekundu chenye vijiwe, ule wanaoumwaga barabarani, halafu kingine cha kahawia. Mimi na Taban tukawa matajiri wa ghafla.

Nikafungua hoteli yangu. Udongo mweusi ulikuwa nyama, mwekundu ulikuwa maharagwe, na kwa jirani kulikuwa na mchanga wa mto ulioletwa kujengea, huo nikaukopa ukawa sukari. Maji nilipewa kidogo kwenye kopo, maana mama hakutaka nichezee maji. Na hapo ndipo ugomvi wangu na mchanga ulipoanza. Nilimimina maji yangu yote kwenye bakuli nililolichimba katika mchanga, nikageuka kumwita mteja, yaani Taban, niliporudi hayakuwepo. Bakuli lilikuwa kavu. Nikamshtaki Taban kwamba ameyanywa, naye akalia kwa sababu hakuyanywa. Nikamimina tena, nikakodoa macho, nikayaona yakizama yenyewe bila aibu. Nilimwambia mama kwamba mchanga wa jirani ni mwizi. Alicheka, akasema ndio, na wewe acha kumpelekea mwizi maji yangu.

Kisha shimo likafika kwenye udongo wa kijivu. Siku ile sitaisahau. Mjomba alinyamaza chini, jambo ambalo halikuwa la kawaida, halafu tukamsikia akicheka peke yake, kicheko kinapanda kama kinatoka ndani ya debe. Alipandishwa ameshika bonge kwa mikono miwili. Lilikuwa laini, zito, la baridi, linateleza kama sabuni. Alilifinya mbele ya baba na maji yakang'aa juu yake.

"Unaona? Unaona hii?" alisema. "Koboko, ukifika kwa hii tope, unakwenda kulala. Asubuhi unakuta shimo imejaa."

Baba alilishika lile bonge, akalinusa, akampa mama. Mama akalibonyeza kwa kidole gumba, na ile alama ya kidole ikajaa unyevu taratibu. Kisha nilimwona akiingia ndani, akashusha sanduku lililokuwa tayari juu ya kabati tangu siku ya maneno yale, akatoa nguo zetu na kuzirudisha kwenye kamba yao ukutani. Baba akamchinja jogoo. Haboba alipiga kigelegele kilichoita kichochoro kizima, watu wakaja na viti vyao, na Mjomba akala mapaja yote mawili kwa kuwa ndiye mchimbaji. Mimi nilimega kipande cha ule udongo nikafinyanga kikombe, nikatia maji, nikakaa nacho. Maji yalikaa. Yalikaa mpaka mama akatuita kulala. Nikaamua kwamba udongo wa kijivu ndio rafiki yetu, mwaminifu, ukimwachia maji utayakuta.

Asubuhi tulikimbilia shimoni wote, hata Haboba na fimbo yake. Baba alishusha ndoo kwa kamba. Ilipogonga chini haikusema chubwi, ilisema pwaa. Alipoivuta ilikuwa na maji ya kuoshea sahani, ya kijivu, mazito, yasiyojaza hata beseni. Mjomba alisema tusubiri, maji ya Juba huenda ni mavivu. Tulisubiri siku ile, na kesho yake tukakuta kiasi kile kile. Akashuka akachimba zaidi, na udongo ukawa ule ule, unalowa, unateleza, unang'aa ukiufinya, na hautoi kitu. Hilo ndilo lililotuumiza. Kama shimo lingekuwa kavu tungejua moja. Maji yalikuwepo, tuliyaona, tuliyashika, mikono yetu ilitoka imelowa, na hatukuweza kujaza sufuria.

"Moya fi?" Haboba aliuliza asubuhi moja, kwa sauti ya chini safari hii. 

Miaka mingi baadaye, nikiwa sekondari, mwalimu wa jiografia alitueleza jambo hili kwa dakika chache, nikataka kusimama nimkumbatie. Alisema mto ukiwa na kasi huangusha kokoto, ukipungua huangusha mchanga, na ukituama kabisa ndipo huangusha ule unga laini kuliko yote. Tabaka juu ya tabaka, mpaka nyingine zinakuwa mawe. Chembe za mchanga ni kubwa na za duara, zikikaa pamoja zinaachiana nafasi za kupita maji, kama maharagwe kwenye gunia. Chembe za udongo wa mfinyanzi, kama ule wetu wa kijivu, ni ndogo mno na bapa, zimelaliana kama unga uliokandwa. Ajabu ni kwamba bonge la mfinyanzi laweza kuwa na maji mengi kuliko bonge la mchanga la ukubwa ule ule. Ila nafasi zenyewe ni nyembamba kiasi kwamba maji yakiingia yanang'ang'aniwa. Kujaa maji ni jambo moja na kuyaachia ni jambo lingine, ndivyo alivyosema, na darasa zima likaandika isipokuwa mimi. Nilikuwa naliona shimo letu. Chini ya uani kwetu ulikuwa umelala mto wa zamani, na sisi tulikuwa tumesherehekea kwa jogoo mzima juu ya mfuniko wake.

Lakini wakati ule hakuna aliyejua hayo, na mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa kusini, Rejaf, kila alasiri. Mjomba alipunguza kucheka. Mama aliacha kuzungumzia kisima, akaacha kuzungumzia Koboko. Niliogopa. Sikuogopa Koboko yenyewe, kulikuwa na bibi na maembe. Niliogopa kuondoka huku baba anabaki amesimama na baiskeli. Nilikuwa nalala nikifikiria nani atamkuna mgongo akirudi mtoni, kazi ambayo ilikuwa yangu.

Jioni moja upepo wa mvua ulivuma, matone machache yakagonga bati, yakaacha. Baba alikuwa ameketi kwenye ukingo wa shimo. Alisimama, akajipangusa mikono.

"Khalas," alisema. Imekwisha. "Kesho kutwa iko basi. Mama Poni, mimi sitaki mtoto alale tena na sindano kwa kichwa."

Halafu akaingia ndani, akatoa sanduku na magunia, akaanza kutufungia mizigo. Aliifunga kwa ile mipira yake ya jerikani, akiivuta kwa goti, fundo juu ya fundo. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi akimtazama. Nilimsubiri aseme kitu. Nilisubiri baba naye aseme kitu. Kilichosikika ni mipira ile tu ikilia kila ilipovutwa. Mimi nilimchukia mama usiku ule, niseme wazi, kwa sababu nilidhani amepata alichokitaka.

Asubuhi baba alikwenda mtoni kama kawaida, kutafuta nauli yetu. Hakutuaga, maana angerudi alasiri. Alipokata kona tu, mama alimwaga maji kwenye moto wa jiko alilokuwa anapikia chakula cha hoteli. Akajifunga kitenge kiunoni kwa nguvu, akaenda kwenye shimo, akaokota kamba.

"Isaka," alimwita kaka yake aliyekuwa bado anakunywa uji. "Shuka."

"Dada, shuka wapi? Bwana yako amesema khalas."

"Yeye amesema. Mimi nimesema? Miaka hii yote nimekaa na yeye hapa, halafu yeye nafunga mizigo yangu kama jerikani, hata haulizi mimi, 'Mama Poni, baki kidogo.' Hata neno moja! Mimi nilitaka yeye aseme neno moja tu." Akazungusha kamba mkononi. "Shuka, Isaka. Mimi nitavuta."

Nilikuwa nimesimama na kopo langu, na ninakumbuka jinsi dunia yangu yote ilivyojipanga upya. Mama hakutaka kwenda. Wala hakuwa amewahi kutaka. Alikuwa ametishia ili azuiwe, na baba, kwa kumpenda Taban na kwa kutojua maneno, hakumzuia. Mtoto wa umri wangu hakupaswa kuelewa hayo, lakini niliyaelewa yote kwa mkupuo, nikaenda kushika mkia wa ile kamba nyuma yake.

Mjomba alishuka. Ndoo za udongo wa kijivu zilipanda, mama anavuta, mimi navuta upepo tu nyuma yake, Haboba akaja akamchukua Taban mapajani. Mama alipakaa tope mpaka kwenye nyusi. Mikono ilipomchubuka alizungushia kamba upindo wa kitenge akaendelea. Kisha sauti ya chini ikabadilika. Sururu, iliyokuwa ikisema chop chop, ikasema ngaa.

"Jiwe!" Mjomba akapiga kelele. "Dada, iko jiwe!"

"Chukua mtaimbo."

Mtaimbo ulishushwa. Aligonga kwa muda mrefu, akaleta juu kipande kwenye ndoo ili tuone. Kilikuwa cha njano, kigumu, na nilipokigusa kikanikwaruza kidole kama sukari iliyoganda. Nikakitazama karibu na moyo ukanidondoka. Ulikuwa mchanga. Mchanga ulioshikana ukawa jiwe, lakini mchanga ule ule, mwizi yule yule. Ili kuwa na hakika nilimimina juu yake maji yaliyobaki kwenye kopo, na jiwe likayanywa. Halikuacha hata doa la kung'aa, yalizama tu likabaki na rangi nzito zaidi. Basi hapo nikaangua kilio. Nilijua sasa kwamba hata kama chini kulikuwa na maji, huyu ameyamaliza zamani.

"Mama, acha! Hii inakunywa maji! Itakunywa yote!"

Mama alikuwa amechoka na hakuwa na nafasi ya upuuzi wangu. Aliniangalia mimi, akaliangalia lile jiwe lililolowa, na akanijibu kama alivyokuwa akiwajibu wateja wanaolalamika kwamba sahani ni ndogo.

"Kama inakunywa, basi iko na mahali inaweka," alisema. Akainamia shimo. "Isaka, piga hiyo kitu."

Sidhani kama alijua alichokisema. Alikuwa mpishi wa vijana wa boti, ameona watu wengi wakila na alijua chakula hakipotei. Mjomba akapiga. Tulisikia pigo, pigo, halafu pigo moja lisilokuwa na mwangwi, kama mtaimbo umeingia kwenye godoro. Kisha Mjomba Isaka, mchimbaji wa Koboko yote, akalia kwa sauti nyembamba ya kike.

"Vuta! Vuta mimi! Inakuja! Dada, inakuja kwa miguu yangu!"

Tulimvuta, mama, mimi, Haboba aliyemtupa Taban kwenye mkeka, na mwanamke mmoja mpita njia aliyedhani mtu anakufa. Alitoka amelowa mpaka magotini, hana sururu wala mtaimbo, akalala chali juu ya rundo la kijivu akihema. Huo mtaimbo uko chini mpaka leo. Sisi tukachungulia. Chini kabisa palikuwa na kitu kinachotetemeka, kinapanda polepole ukutani, kinaufunika udongo wa kijivu kidogo kidogo, na katikati yake chembe za njano zilikuwa zinaruka na kurudi kama wali unaoanza kuchemka. Maji yalikuwa yanapita katikati ya mchanga. Yalikuwa yanapita mle mle nilimodhani yanafia.

Haboba hakuuliza swali lake. Alilijibu mwenyewe, "Moya fi! Moya fi!" akipiga fimbo chini, halafu kigelegele, halafu akakaa chini na kujifuta macho kwa ncha ya nguo yake. Ndoo za kwanza zilikuwa na mchanga mwingi, tukazimwaga. Baadaye Mjomba aliteremsha mapipa ya mafuta yaliyokatwa vitako na kutobolewa kwa msumari, akashindilia kokoto nyuma yake ili mchanga mwembamba usiingie, lakini hiyo ni kazi ya wiki iliyofuata. Siku ile tulichota na kumwaga, kuchota na kumwaga, mpaka ndoo ikaja na maji ambayo niliona kitako cha ndoo kupitia kwake. Sikuwa nimewahi kuona kitako cha ndoo yenye maji nyumbani kwetu. Niliingiza mkono nikavihesabu vidole vyangu.

Mama hakuniruhusu kunywa. Aliyachemsha kwanza, na aliendelea kuyachemsha miaka yote, kwa sababu ya ile sindano. Alipoyapoza alijaza kikombe kimoja cha bati na kukifunika kwa kisahani, akakiweka kando. Haboba aliomba, akanyimwa. Mjomba aliomba, akaambiwa asubiri. Mama mwenyewe hakunawa uso wala hakubadili nguo. Alikaa kwenye kigogo kando ya shimo, tope linamkaukia na kupasuka mashavuni, kikombe mapajani, anatazama njia.

Baba alikuja alasiri akisukuma baiskeli yenye jerikani za mwisho. Aliona watu uani akadhani kuna msiba, nilimwona jinsi alivyoiachia baiskeli ianguke. Hakuna jerikani iliyomwagika, kwa jinsi zilivyokuwa zimefungwa. Alikuja mbio, akasimama mbele ya mama, akaona tope, akaona mikono yake iliyochubuka, akaona shimo. Alifungua mdomo. Na kwa mara nyingine katika maisha yake baba yangu hakupata neno.

Mama alimsubiri kidogo, akimpa nafasi. Halafu akaondoa kisahani na kumnyooshea kikombe.

"Kunywa," alisema.

Baba akanywa. Alikunywa mpaka mwisho kwa mkupuo, akaangalia ndani ya kikombe kutafuta kile kinachobakia chini siku zote. Hakukiona. Mabega yake yakaanza kutikisika, na mama akamwachia atikisike, hakumgusa, macho yake mwenyewe yamejaa.

"Baki," baba akasema. Akarudia, "Mama Poni, baki. Tafadhali."

"Mimi iko hapa tangu asubuhi," mama akamjibu. "Ingia ndani, fungua mizigo."

Akaingia, nikamfuata. Alipiga magoti sakafuni mbele ya sanduku letu na magunia, akaanza na fundo la juu. Alikuwa amefunga kwa nguvu zake zote, ili kitu chetu kisianguke njiani, na mipira ikagoma kuachia. Mwishowe ilibidi atumie meno.